LSD au loka? Maswali yanayoulizwa sana kuhusu difu kwa wanaoendesha porini

Mtu akinunua Land Cruiser, Prado, Hilux, Patrol au Defender kwa kazi za porini haya ndio maswali anayokuja nayo, na majibu ya mtaani mara nyingi yanachanganya vitu vitatu tofauti, difu ya kawaida (gia za ekseli zinazogawa nguvu kulia na kushoto), LSD (limited slip, difu inayojibana kidogo yenyewe) na loka (kifaa cha kuifunga difu kabisa), matokeo yake mtu anatoa hela kwa kitu asichokihitaji. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kama gari inaingia porini kweli, loka moja ya nyuma yenye swichi inaishinda LSD yoyote ile, ila tairi nzuri zinatangulia kabla ya vyote viwili.

Kwani difu ya kawaida ina shida gani?

Kwenye lami haina shida yoyote. Ukikata kona tairi ya nje inatembea umbali mrefu kuliko ya ndani, kwa hiyo lazima kuwe na kitu kinachoziruhusu zizunguke kwa spidi tofauti, na hiyo ndio kazi ya difu. Tatizo ni kwamba difu ya kawaida inagawa nguvu sawa kwa sawa kulia na kushoto, muda wote. Watu wengi wanadhani tairi inayozunguka bure ndio imechukua nguvu yote, sio hivyo, ile tairi haina kitu cha kusukuma kwa hiyo inapokea nguvu kidogo sana, na mwenzake aliyekanyaga pakavu anapewa kidogo hicho hicho. Ndio maana unaona gari kubwa ya 4x4 imekwama huku tairi moja ya nyuma na moja ya mbele upande wa pili zinazunguka tu, mbili zingine zimekaa kimya kabisa juu ya ardhi ngumu.

LSD inasaidiaje?

LSD nyingi za magari yetu ni za plate, yaani ndani ya difu kuna vipleti vya klachi vilivyobanwa na springi, tairi moja ikitaka kuiacha nyingine vinakwaruzana na kuibana kidogo. Kuna za aina nyingine kama Torsen ambazo hazina plate, zinatumia gia tupu, hizo hazichakai haraka ila zinafika sehemu zinaishia.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme tairi ya kushoto iko kwenye tope na inaweza kubeba nyutoni mita (kipimo cha nguvu ya kuzungusha) 100 tu kabla ya kuteleza. Difu ya kawaida itampa wa kulia 100 pia, jumla 200, gari haitoki. LSD yenye uwiano wa 3 kwa 1 itampa wa kulia mpaka 300, jumla 400, hapo pengine unatoka. Sasa inua ile tairi ya kushoto hewani kabisa, inabeba sifuri, na mara tatu ya sifuri ni sifuri, kwa hiyo Torsen hapo inakuwa kama haipo. Ya plate inabaki na kile kidogo cha springi zake, na kama plate zimechakaa hata hicho hakipo.

Na loka?

Loka haina hesabu. Ukiifunga, kulia na kushoto vinakuwa ekseli moja, zote zinazunguka spidi ile ile upende usipende. Tairi moja ikiwa hewani nguvu yote inaenda kwa yule aliyekanyaga chini, kiasi chochote anachoweza kubeba. Faida yote iko hapo na hatari yote iko hapo hapo, maana nguvu yote kwenda kwa tairi moja ni nguvu yote kupita kwenye haf shafti moja, yaani chuma kinachotoka kwenye difu kwenda kuzungusha tairi.

Gari yangu ina difloki tayari, mbona bado inakwama?

Hili ndio linalowapoteza watu wengi, tulieni hapa. Difloki ni loka hiyo hiyo, ila kuna ya katikati na kuna ya kwenye ekseli. Defender, Land Cruiser 80, 100 na Prado za full time (four wheel muda wote) zina difu ya tatu katikati, kwenye transfa (giaboksi ya pili ya four wheel), inayogawa nguvu mbele na nyuma. Ukivuta lever ya Defender au ukabonyeza ile swichi ya Prado unafunga hiyo ya katikati tu, maana yake ekseli ya mbele na ya nyuma zinazunguka pamoja, lakini ndani ya kila ekseli kulia na kushoto bado wako huru. Kwa hiyo ukiwa umening'inia kwa mshazari, tairi mbili zikiwa hewani, difloki ya katikati haitakuokoa.

Land Cruiser 70, yaani zile hardtop na pickup, ni part time (four wheel unaiweka ukitaka), haina kabisa difu ya katikati, ukiweka H4 (four wheel ya mwendo wa kawaida) mbele na nyuma vimeshafungwa. Na usisahau zile habu za mbele (vifungo vya katikati ya tairi) za kuzungusha kwa mkono, kama ziko FREE hiyo four wheel unayojisifia haipo, wapo madereva wamehangaika kwenye tope muda mrefu kumbe habu hazijafungwa.

Toyota zenye loka za ekseli kutoka kiwandani utazitambua kwa swichi ya kuzungusha iliyoandikwa RR (nyuma), au FR RR kama ina ya mbele pia. Mercedes G nayo inajulikana kwa kuja na zote tatu, katikati, nyuma na mbele.

Nitajuaje kama difu yangu ya nyuma ni LSD?

Paki sehemu tambarare, tia vigingi tairi za mbele, piga jeki nyuma yote na uweke stendi imara, usifanye hivi juu ya jeki peke yake. Zima injini, weka gia, achia handbreki. Zungusha tairi moja kwa mkono. Kama inazunguka kirahisi na ya upande wa pili inazunguka kinyume, hiyo ni difu ya kawaida, au ni LSD iliyokufa. Kama inagoma au ni nzito sana LSD ya plate ipo na bado hai. Torsen inaweza kukudanganya kwenye kipimo hiki kwa sababu bila mzigo inajifanya ya kawaida.

Wanaonunua magari yaliyotumika Japani fanyeni hiki kipimo kabla ya kulipia "ina LSD". Inawezekana kweli ilitoka nayo kiwandani, ila baada ya miaka yote hiyo na oili ambayo hakuna aliyewahi kuibadilisha, kilichobaki ni jina tu. Patrol nyingi za Y60 na Y61 zilikuja na LSD nyuma na hadithi ni hiyo hiyo. LSD haifi kwa kelele, inafifia taratibu, na unakuja kujua siku umenasa.

Kwenye tope jeusi kipi bora?

Hapa nitaongea sana kidogo kwa sababu ndio mazingira ya wengi wetu. Ule udongo mweusi wa mbuga, bleki kotoni, ambao kiangazi unapasuka nyufa na masika unageuka gundi, hauangalii sana una difu gani. Sababu ni kwamba loka na LSD zinasaidia pale tairi moja ina mshiko na nyingine haina. Kwenye bleki kotoni tairi zote nne zinateleza sawa, zimejaa udongo mpaka meno hayaonekani, sasa ukiifunga ekseli unagawana nini? Hapo kinachokutoa ni tairi za mud zenye meno yaliyoachana zinazojisafisha, mwendo usiokatika, na dereva anayejua kuchagua njia kabla hajaingia.

Halafu kuna suala la mkia. Barabara za huko zimeinuliwa katikati na pembeni kuna mtaro. Ukiwa na difu ya kawaida, tairi moja ya nyuma ikizunguka bure mwenzake bado anakaa kama nanga na kushikilia mkia usiondoke. Ukifunga loka zote mbili zinazunguka, hakuna nanga tena, mkia unashuka mtaroni taratibu na wewe unaangalia. LSD nayo inafanya hivyo ila kwa upole. Kwa hiyo kwenye mgongo wa barabara yenye utelezi mimi loka naiacha imezimwa, naiwasha pale tu tairi za upande mmoja zikizama kwenye shimo na za upande mwingine zina pa kushika. Madereva wa Ndutu na Serengeti kusini wakati wa mvua wanalijua hili vizuri, na ukiwauliza watakuambia koleo na mbao za kuweka chini ya tairi vinawatoa mara nyingi kuliko swichi.

Kwenye makorongo na mawe je?

Hapo mjadala unaisha, loka. Korongo unalikata kwa mshazari, tairi ya mbele kushoto inashuka, ya nyuma kulia inashuka, hizo mbili zingine zinainuka, na LSD inakuacha hapo hapo. Angalia magari ya Rhino Charge kule Kenya, mashindano yaliyoanza 1989 kuchangisha hela za uzio wa hifadhi ya Aberdare, wale watu wanatakiwa kupita vituo vyote ndani ya siku moja na mshindi ni aliyetembea umbali mfupi zaidi, kwa hiyo wanakata moja kwa moja juu ya mawe na ndani ya mabonde. Ukienda kucheza michezo ile na LSD peke yake utashinda mchana kutwa kwenye kamba ya winchi.

Faida ambayo haisemwi sana ni kwamba loka inakufanya uende taratibu. Mwenye difu ya kawaida analazimika kuchukua kasi ili apite, na kasi ndio inavunja shoku, inapasua tairi kwenye mawe na kuchimba njia mashimo kwa wanaokuja nyuma. Mwenye loka anaweka L4 (four wheel ya mwendo mdogo wenye nguvu), gia ya kwanza, anatambaa.

Nimesikia ukivuta handbreki kidogo LSD inafanya kazi vizuri zaidi, ni kweli?

Ni kweli na ni ujanja mzuri. Tairi iliyo hewani haina mzigo, ukivuta handbreki kidogo unaipa mzigo wa bandia, LSD inahisi kuna upinzani inampelekea yule wa upande wa pili mara mbili au tatu yake. Vuta meno mawili matatu tu, kanyaga mafuta taratibu. Unaweza pia kukanyaga breki kidogo kwa mguu wa kushoto kama gari ni otomatiki. Ila kwenye Defender za zamani handbreki haitakusaidia, ile inashika propela shafti nyuma ya transfa na sio tairi, utaishia kuumiza gari.

Loka niiwashe wakati gani?

Kabla hujakwama. Umeona korongo mbele, simama, shuka uangalie, panda, weka L4, funga loka, pita, fungua. Wengi wanasubiri mpaka gari imekaa kwa tumbo ndio wanakumbuka swichi, na kibaya zaidi wanaibonyeza huku tairi moja inazunguka kwa kasi, meno ya loka yanakutana na kitu kinachozunguka yanakatika. Achia mafuta, tairi zisimame, bonyeza.

Kwenye Toyota taa ya dashibodi itakuwa inawaka na kuzima mpaka meno yaingie kabisa, tembea taratibu na yumbisha usukani kidogo kulia kushoto itaingia. Kutoka pia ni hivyo hivyo, ukizima swichi na taa haijatulia usiondoke kwa kasi, rudi nyuma kidogo mpaka ijiachie.

Nikisahau imewashwa nikaingia lami?

Utaisikia. Usukani unakuwa mzito, gari inataka kwenda moja kwa moja wakati wewe unakata kona, tairi zinalia, na kwa spidi kubwa kwenye kona yenye maji inaweza kukutoa barabarani. Gari nyingi pia zinazima ABS (mfumo unaozuia tairi kuganda ukishika breki) loka ikiwa imefungwa. Kwa mtu anayekaa lami asilimia kubwa ya muda LSD ina raha yake hapa, haina swichi ya kusahau, inafanya kazi kimya kimya kwenye barabara ya vumbi na changarawe na kwenye kupanda mlima uliolowa. Kwa gari ya familia ambayo porini inaenda sikukuu, LSD iliyo hai inatosha kabisa na sioni sababu ya kuing'oa.

Gari yangu ina trakshen kontroli, bado nahitaji loka?

Trakshen kontroli inatumia breki, inashika tairi inayozunguka bure ili nguvu irudi kwa mwenzake. Jimny mpya na Prado za karibuni zinafanya hivyo na inafanya kazi kuliko watu wanavyodhani, ila ina masharti. Lazima tairi izunguke kwanza ndio ishtuke, na lazima ukanyage mafuta bila kuachia wakati inagugumia, dereva mwingi akisikia ile kelele anaachia mguu na kila kitu kinaisha. Ukiitumia muda mrefu kwenye mchanga au tope breki zinachemka.

Wenye Hilux muwe macho na kitu kimoja. Nyingi ukifunga loka ya nyuma trakshen kontroli inazimika yote, hata ya mbele. Kwa hiyo kuna sehemu loka ya nyuma itakutoa, na kuna sehemu tairi za mbele ndio zinahitaji msaada na utafanya vizuri zaidi bila loka. Jaribu zote mbili kabla hujaita trekta.

Fundi anasema achomelee difu, ni bei rahisi. Nikubali?

Hapana. Kuchomelea gia za ndani ya difu kunakupa loka isiyofunguka milele. Kila kona ya lami tairi moja inaburuzwa, zinaisha haraka, haf shafti zinakula msokoto kila siku mpaka moja ikatike, na vipande vya weldi vikidondoka ndani vinasaga krauni na pinioni, zile gia kuu mbili za difu. Gari ya shamba isiyotoka getini labda. Gari inayobeba watu barabarani, usithubutu, na nasema hivi kwa uzito wote.

Loka ya hewa, ya umeme, au ya kujifunga yenyewe?

Ya umeme ya kiwandani kama ya Toyota ni imara na spea zipo, ugonjwa wake ni mota yake kuganda kwa sababu haitumiki, maji na tope vinaingia kutu inashika. Dawa ni kuifunga na kuifungua kila mwezi hata kama huna safari, kwenye vumbi sio kwenye lami. Ya hewa kama ARB ya Australia inafunga haraka na ni ngumu, lakini inahitaji kompresa na mpira mwembamba wa hewa unaoenda mpaka kwenye difu, huo mpira ukipitishwa vibaya unakatwa na tawi au unayeyushwa na ekzosi na loka haipo tena. Faida ya ziada ni kwamba wengi wanaitumia kompresa hiyo hiyo kujaza tairi.

Za kujifunga zenyewe, mfano Detroit, hazina waya wala hewa, kwa hiyo hakuna cha kuharibika porini. Lakini lami zinapiga "taa!" kwenye kona na gari fupi inayumba ukiachia na kukanyaga mafuta. Kwa lori la kazi nzuri, kwa mtu anayempeleka mtoto shule asubuhi sipendekezi.

Kokote utakakoelekea, kazi ya kufungua difu mpe fundi mwenye vipimo. Krauni na pinioni vinapangwa kwa shimu (vipande vya chuma) nyembamba sana na nafasi kati ya meno inapimwa kwa saa yake maalumu. Anayepima kwa kutikisa kwa mkono na kusema "hapa imekaa" atakurudishia difu inayolia kuanzia spidi 60 mpaka ife.

Niweke na mbele pia?

Anza na nyuma. Ukipanda mlima uzito unahamia nyuma na huko ndiko mshiko uliko. Loka ya mbele inaleta nguvu kweli lakini usukani unagoma, na ukikata usukani mpaka mwisho huku umeifunga na unakanyaga mafuta, unavunja CV joint, kile kiungio cha shafti ya tairi ya mbele. Kama unayo, itumie usukani ukiwa umenyooka na uizime mara tu ukivuka.

Wenye Defender za zamani zenye haf shafti za meno 10, badilisheni haf shafti kwanza ndio mfikirie loka. Hizo zinakatika hata bila loka.

Niko Oman, mchanga tupu. Nahitaji loka?

Kwenye mchanga wa Sharqiya cha kwanza ni upepo wa tairi. Shusha mpaka psi 15 hadi 18, tairi inalala, inakuwa na mguu mrefu, gari inaelea juu badala ya kuchimba. Mchanga unafanana kulia na kushoto kwa hiyo LSD inafanya kazi yake vizuri sana, na mwendo haukatiki. Loka ni ya kutokea umezama, ukiwa umenyoosha tairi. Ukishaona gari inashuka badala ya kwenda mbele acha kukanyaga, loka itakusaidia kuchimba kaburi la tairi mbili badala ya moja. Ukirudi lami jaza upepo kabla hujafika spidi.

Oili ya difu nitumie ipi?

LSD ya plate inataka oili ya difu iliyoandikwa LSD kwenye kopo, GL-5 (daraja la oili ya gia), na namba kwa mujibu wa kitabu cha gari yako. Ukiweka ya kawaida plate zinakwama na kuachia, utasikia gari inatetemeka na kuguna ukikata kona kali ya kupaki. Mara nyingi huo mtetemo unaondoka kwa kubadilisha oili tu, kwa hiyo badilisha kabla ya kumruhusu mtu akufungulie difu. Loka yenye swichi inaenda na oili ya kawaida ya GL-5.

Ukivuka mto uangalie. Difu ni ya moto, inaingia kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa ghafla na inavuta maji kupitia kile kitundu cha kupumulia au kwenye oili sili. Fungua nati ya kujazia siku hiyo hiyo au kesho yake, oili ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa imwage yote. Na ule mpira wa kupumulia uupandishe juu mpaka kwenye chumba cha injini, ni mita chache za mpira na klipu mbili.

Nina hela ya kitu kimoja tu, nifanye nini?

Kama tairi zimeisha au ni za lami, nunua tairi. Kama tairi ziko sawa na gari ilikuja na LSD, peleka ikapimwe, plate na oili mpya, uone inakufikisha wapi. Kama unabeba watu porini kila wiki na unapita makorongo, weka hela ukanunue loka ya nyuma yenye swichi, na siku ya kuifunga kaa pale gereji uangalie fundi anavyopima.